Boliti za Baba Yako

Bariadi,
pamba imekwisha kuuzwa, na basi lako ni kesho alfajiri.

Minza mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa rafiki yako Limi, nami nawajua, mkianza kuzungumza hamkumbuki kurudi. Kwa hiyo nina nafasi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika katika darasa la watu wazima, wewe ukiwa mgongoni unanivuta masikio. Kisukuma changu ni cha mdomoni tu. Ukiona mahali nimekosea cheka, lakini usinisahihishe kwa kalamu nyekundu kama ulivyofanya ulipokuwa darasa la sita ukajiona umekwisha kuwa mwalimu wangu.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji wala za wanaume wa Mwanza. Michembe ya viazi nimeiweka chini ya begi, usiitafute. Mengine unayajua, na usiyoyajua Mwanza itakufundisha yenyewe. Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi ulipokuwa unakunja nguo. Uliniuliza, "Mayu, kwa nini ulizifungua?" Nikakwambia pakia vitu vyako, jua linakwenda. Ukaniangalia, ukanyamaza, na tangu juzi unaniitikia kama unavyomwitikia mgeni. Ni swali lilelile uliloniuliza ukiwa na miaka kumi na minne, na siku ile nilikujibu uongo. Nilisema nilikuwa nasafisha nyumba.

Naogopa, Minza. Naogopa uondoke na ukimya huu, ufike nao huko, uuzoee. Mama wa watu hapa jirani ana mwana Dar es Salaam ambaye alianza kwa kuchelewa kuandika, akaishia kutoandika kabisa, na wala hawakuwahi kugombana. Sisi tuna sababu kubwa kuliko wao. Ndiyo maana nimekaa jikoni hapa na kalamu wakati mboga zinaungua.

Nianze na gari lenyewe, kwa maana nalikumbuka kabla halijawa letu. Lilikuwa la meneja wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, zamani, wewe hujazaliwa. Gari la Kimarekani, refu, milango miwili tu, injini ya silinda nane, na nikeli kila mahali: kwenye bampa, kwenye taa, na mkanda mrefu ubavuni kutoka mbele hadi nyuma. Likipita njia ya Lamadi, kwa ngurumo yake watoto waliokuwa wanachunga walisema mvua inakuja. Meneja alipoondoka nchini aliliacha kwenye banda la magunia, na panya wakafanya maskani kwenye viti. Baba yako alikuwa fundi wa mitambo pale jineri. Kila siku alipita mbele ya lile banda, na kila siku alichungulia. Mimi nilidhani anachungulia panya.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Hii unaikumbuka kidogo. Sabuni zikarudi madukani, tena za kila rangi, na vitenge vikajaa mnadani mpaka mtu unachagua. Wakaja wanunuzi wa pamba wa watu binafsi na mizani yao, kila mmoja akisema mwenzake ni mwizi, na ushirika ukaanza kuchechemea. Jineri ikapunguza watu. Baba yako alipunguzwa kati ya wale wa kwanza, akaambiwa achague: asubiri kiinua mgongo, ambacho hakuna aliyejua kitatoka lini, au achukue lile gari bovu limalize maneno. Wenzake walisubiri. Yeye alichukua gari.

Lilikuja nyumbani likivutwa na ng'ombe wanne wa kulimia. Yeye ameketi kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha, anapungia watu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake kwenye debe, maana kiti hakikuwapo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na jirani zangu walicheka pamoja nami. Baadaye nikaingia jikoni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukipangia kile kiinua mgongo paa la bati.

Alianza na nikeli. Hilo ndilo lililonishangaza. Injini haina uhai, breki zimeganda, yeye amechuchumaa anasugua bampa kwa majivu na ndimu, halafu kwa stiliwaya, halafu kwa pamba yangu nzuri niliyoichambua kwa mkono. Nilimwuliza ni fundi gani anayeanza na mapambo. Akanijibu, "Mgonjwa huoshwa uso kwanza, ajue bado ni mtu." Nilimwona mpumbavu. Leo naliona lile jibu kwa namna nyingine, kwa sababu nilimwuguza yeye mwenyewe, na kweli kila asubuhi nilianza na uso.

Kisha akaingia kwenye vyuma. Kabureta aliiloweka katika petroli ndani ya sufuria yangu ya ubuyu, na mpaka leo ubuyu wangu una harufu, usikatae. Gasketi alizikata kwenye maboksi ya hizo sabuni mpya. Mpira wa kuzuia vumbi mlangoni aliutoa kwenye tyubu za baiskeli. Kitu kilichoshindikana kutengenezwa alikifuata Mwanza, akirudi amekikumbatia kama amebeba mtoto. Wewe ulikuwa chini ya gari pamoja naye kila ulipotoka shule, na nilipokuita kuja kutwanga uliitika, "Nakuja," kisha hukuja.

Siku moja akagundua kutu imekula sakafu yote kwa chini. Akasema gari lazima livuliwe lote, kila kipande, lisuguliwe, lipakwe rangi, ndipo livikwe tena. Akalivua. Milango miwili ikahamia chumbani, ikaegemea upande wangu wa kitanda. Mikanda ya nikeli ikalala chini ya kitanda imefungwa kwa pamba. Na boliti, Minza. Boliti zilikuwa nyingi kuliko mbegu za ulezi, kila moja ina mahali pake, na yeye hakutaka zichanganyike. Akazifunga kwenye vitambaa, kifurushi kimoja kimoja. Kifundo kimoja ni cha mbele, viwili ni vya nyuma, mshono ukiwa nje ni kushoto, ukiwa ndani ni kulia. Sikuyajua haya siku zile. Nimeyajua kwa kukuona wewe ukiyatafuta baadaye.

Vitambaa alivitoa wapi? Hukuwahi kuniuliza hilo. Wewe uliona vitambaa vya bluu na maua ya njano, ukaona ni matambara. Lilikuwa gauni langu. Mama yangu alilinunua kwa pamba yake ya mwisho, akanishonea kwa mkono mwaka nilioolewa, na hakuishi kuniona nikilivaa mara nyingi. Lilikuwa limechakaa, sikatai, nilikuwa nimelikunja chini ya sanduku. Baba yako alitafuta kitambaa laini kisichokwaruza, akalipata, akalichana. Hakuwa na nia mbaya. Aliona nguo kuukuu tu.

Nilikuta tayari amekwisha kulichana. Nilisimama mlangoni nikaona ua langu la njano limebana boliti za bawaba. Alinyanyua uso akaniuliza kama chai iko tayari. Nikasema iko tayari.

Hapo ndipo nilipokosea, kabla ya lile kosa unalolijua. Ningesema siku ileile, tungegombana kidogo, angeona haya, maana alikuwa mtu wa kuona haya, na tungeyamaliza. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, mwanamke mwenye akili halilii tambara. Msimu ule nilichuma pamba peke yangu, ekari zote, kwa sababu yeye alikuwa anasugua sakafu ya gari, na kila kiroba nilichobeba nilikibeba pamoja na lile gauni. Watu wakaniita mvumilivu. Mwanangu, mtu akikuchukulia kitu kidogo, mwambie kingali kidogo. Nakwambia kwa sababu umerithi kunyamaza kwangu, nimekuona juzi.

Basi akaugua. Ulikuwa mkubwa wa kutosha, sina haja ya kukusimulia tumbo lilivyojaa na jinsi tulivyorudishwa nyumbani kutoka hospitali. Nataka kukuambia jambo moja tu ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa ndani yake. Kila jioni alikuita. Uliketi kwenye ukingo wa kitanda, yeye anatoa kifurushi chini ya mto, unafumba macho, unakipapasa vifundo, unasema, "Mlango wa kushoto, bawaba ya chini." Yeye anasema, "Ni ya chini kweli?" Unapapasa tena. Mlikuwa mnacheka wawili, yeye kwa pumzi ile ndogo aliyobaki nayo.

Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilisimama mpaka uji ukashika utando. Hakuna aliyeniambia niingie, na sikuwa na kitu cha kusema ningeingia. Miaka yote ile nilikuwa nalala na ile milango ubavuni, lakini hakuna aliyewahi kunipa hata kifurushi kimoja nikapapasa. Nilikuwa nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha, na kicheko chake kilikuwa chako.

Nilikuonea wivu, Minza. Mtoto wangu wa pekee, uliyetoka tumboni mwangu baada ya wale watatu waliorudi kwa Mungu, nilikuonea wivu kama mke mwenza. Nimelizunguka neno hili mchana kutwa leo, nikafua nguo zisizo chafu, na sasa nimeliandika.

Siku ya tatu baada ya maziko wewe ulikuwa umekwenda bombani na shangazi zako. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Niliingia chumbani kutafuta mkeka, nikaona vile vifurushi vimepangwa ukutani kama alivyoviacha, bluu na njano, bluu na njano. Nikaketi chini nikaanza kufungua. Sikufikiri gari, wala sikufikiria kwamba hata boliti ina kwao. Nilitaka gauni langu. Nilikuwa nafungua namimina kwenye debe, nafungua namimina, na nikiwa nafungua nilikuwa nakuambia wewe moyoni, haya, papasa sasa. Ukarudi na ndoo kichwani ukasimama palepale mlangoni niliposimama mimi na uji. Ukaniuliza. Nikasema nasafisha nyumba.

Nilivifua vile vitambaa kwa sabuni nzima. Grisi haikutoka. Nilijaribu kuviunga, ikawa kitu kisicho na mkono wala shingo. Mwishowe viliishia kwenye kushika masufuria ya moto, na mimi ndiye niliyevimaliza. Kwa hiyo lile ulilopoteza siku ile halikunipa chochote mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau anayeyamwaga huwa na kiu. Mimi hata sikuyanywa.

Sasa habari ya mgawo. Hili nalo umeninyamazia miaka, ingawa si kwa ukali ule. Uliona wazee wa ukoo wamekaa uani baada ya matanga, uliona vipande vya gari vinatoka mlangoni kimoja kimoja kwenye mabega ya watu, na mama yako ameketi kwenye kigoda hasemi. Baba mkubwa wako Ngusa ndiye aliyekuwa arithi. Ni kaka wa marehemu, mimi sina mtoto wa kiume, na ndivyo mila inavyokwenda. Si mtu mbaya Ngusa. Alisema gari lisiguswe, libaki zima kwa jina la mdogo wake, yeye atalichukua kwake pamoja na sisi wawili. Alikuwa anaona anatutendea wema, na kweli wapo wajane ambao hawakupata hata huo. Lakini nilikuwa nimesikia pia kwamba kuna mtu wa Bukundi mwenye ng'ombe wengi aliyeuliza umri wako.

Nikawaza hivi: kitu kizima kina mwenyewe. Anayelichukua gari zima la baba yako Mabula amerithi nyumba ya Mabula, na nyumba ya Mabula ni mimi na wewe. Wazee waliponiuliza kama nina neno, nikasema, "Gari halipo. Vipo vyuma tu. Gaweni vyuma."

Wakatazamana, kisha mmoja akakubali, na wakagawa kama wanavyogawa ng'ombe aliyechinjwa, kila mtu na nyama ya nafasi yake katika ukoo. Injini ikaenda kwa Ngusa kwa sababu ni mkubwa. Milango ikaenda Bukundi kwa mdogo wao. Kiti cha nyuma kikaenda Sapiwi kwa shangazi. Bampa, taa, kioo cha pembeni, vifuniko vya rimu, kila kimoja na mtu wake, hata mjomba wa baba yako alidai usukani na akapewa. Bodi tupu haikuwa na wa kuibeba, ikabaki uani. Debe la boliti hakuna aliyelitaka. Na kwa kuwa kila mtu amepata, hakuna aliyeweza kusema amerithi. Mimi sikurithiwa, na wewe ulirudi shule.

Lakini usinipe sifa ya bure. Ningestahili kusifiwa kama ningeumia kuliona gari likitoka. Sikuumia. Bampa lilipopita mbele yangu nilipumua. Nilikuokoa, ni kweli, na papo hapo nilikuwa namlipa baba yako gauni langu, na siwezi kukuambia lipi lilikuwa zito zaidi.

Halafu ukaanza kuvikusanya. Sikukuambia hata mara moja jinsi nilivyokuwa nakutazama. Bukundi ulikuta milango imekuwa lango la zizi la mbuzi, na baba mdogo wako anashusha kioo kwa mkono kila jioni kuhesabu kama mbuzi wametimia. Ukamtengenezea lango la miti kwa mikono yako, ndipo akakupa. Sapiwi shangazi alikuwa anakalisha wakwe kwenye kile kiti, na alikwambia hakitoki mpaka upate kiti kingine chenye springi. Kioo ulikikuta Lamadi kwa kinyozi. Kifuniko cha rimu kimoja kilikuwa kinalishia kuku, kingine kinafunika chungu cha pombe. Kila uliporudi na kitu umekibeba kwenye kanga, nilitaka kucheka pamoja nawe, maana vilikuwa vichekesho kweli, nawe ulikuwa unavipitisha mbele yangu moja kwa moja hadi uani.

Na lile debe. Likizo zako zote uliketi kwenye gunia, boliti moja moja, unaijaribu kwenye tundu, haiingii, unaiweka, unachukua nyingine. Baba yako alikuwa ameziweka tayari kwa ajili yako, na mimi nilikufanya uanze upya kama mtu aliyenyang'anywa kusoma. Nilipita na kikapu, nikapita tena. Siku moja nikachuchumaa, nikaokota boliti, nikakuuliza hii kwao wapi. Ulinijibu taratibu, bila ubaya, "Acha, mayu, utazichanganya."

Sikuokota tena. Nilistahili lile jibu, lakini nilikosea kuondoka. Ningekaa tu. Ningekaa pale kwenye gunia bila kugusa kitu, hata kama ingekuwa likizo nzima. Mtu akikukataza kugusa hajakukataza kukaa. Hilo nalo nimejifunza kwa kuchelewa, na nakupa ulitumie kwa wengine, labda hata kwangu.

Injini tunaijua. Ulikwenda Lamadi ukidhani unakwenda kuichukua, ukaikuta nyuma ya mashine ya kusaga, imepasuka, imejaa magamba ya samaki. Ngusa aliitumia kusagia bila kubadilisha oili, kwa sababu hakuwa anajua, naye aliyejua alikuwa amelala kaburini. Ulirudi na basi la jioni, hukula. Kesho yake Ngusa mwenyewe alikuja na mbuzi kuomba radhi, ukamwambia amrudishe mbuzi wake. Kwa hiyo gari liko pale uani, lina rangi, lina milango, nikeli zote zinang'aa hadi mtu anakinga macho, na chini ya boneti hamna kitu. Vijana wanaopita na magari yao ya Kijapani wanasimama kulitazama, wanauliza linauzwa, wanachungulia ndani, wanaondoka wakicheka. Najua kila kicheko kinakupata mahali gani.

Sasa unakwenda Mwanza kufanya kazi kwenye gereji ya hayo hayo ya Kijapani. Ulisema kwa dharau kwamba hayana nikeli, yana plastiki. Nenda tu. Baba yako angekwenda.

Leo mchana, uliporudi kuchota maji, nilikuwa nyuma ya nyumba, na nilisikia yote. Ngusa alikuja na kibuyu. Unajua huku kwetu mtoto anayesafiri safari kubwa hupuliziwa maji ya unga wa mtama na mtu wa upande wa baba, ili waliolala wajue amekwenda wapi. Alitembea kutoka kituo cha basi na goti lile bovu. Ukamwambia, "Wewe si baba yangu." Aliondoka, na alipopita kwangu alisalimia vizuri kama kawaida yake, lakini macho yake yalikuwa na maji. Sikukukemea. Nimekosa haki ya kukukemea juu ya vyuma vile. Ila ujue kwamba kati yake na mimi, yeye aliharibu kwa kutojua. Kama una hasira moja tu ya kubeba kwenye basi, umempa mtu asiyestahili.

Basi huna wa kukupulizia. Mimi ni mwanamke, tena si wa ukoo huu, nililetwa hapa kwa ng'ombe. Wazee wakisikia watasema nimevunja mwiko, na katekista akisikia ataniuliza Jumapili nimerudia ya zamani kwa nini. Wote watakuwa na haki, na nitawasikiliza.

Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni na bakuli. Unga nimekwisha kuusaga. Maneno yenyewe siyajui, huyajua wanaume, kwa hiyo nitasema yangu. Nitamwambia Mabula mtoto wake anakwenda, nitamwambia ni fundi kuliko alivyomwacha, na nitamwambia niliyoyafanya, maana sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia. Ukisimama, nitakupulizia kifuani mara moja tu, sitakushika, sitalia mpaka basi liondoke.

Na kama kifua chako kitakuwa kimejaa, ukapita bila kusimama, sitakuita. Nitangoja ufike barabarani. Halafu nitatoka na bakuli langu, niyamwage maji yale kwenye nyayo zako, moja moja, mpaka yaishe.

Mayu wako,
Nkwimba